Mtoto wa miaka 9 na Stranger Things: mimi mkali kupita kiasi au baba yake mlegevu?

#1 MamaNasri
Habari za jioni wakuu. Naomba mniamulie kesi ya nyumbani kwangu.

Nina kijana wa miaka 9, darasa la nne. Likizo ya Desemba alienda kwa mama yake mdogo Tabata, akarudi anaongea Hawkins, Hawkins tu. Kumbe wamemaliza sizoni nzima ya kwanza ya Stranger Things, ile tamthilia ya Netflix ya mji wa Hawkins, yeye na binamu zake, mkubwa wao ana miaka 15. Sikufoka. Nikakaa nikaangalia episodi mbili za mwanzo nijue kaona nini. Watoto wanne na baiskeli zao, mmoja anapotea, wenzake wanamtafuta, kuna kabinti kenye kipara kanasogeza vitu kwa akili. Hakuna uchi, hakuna mauaji. Nikasema basi, yaishe.

Tatizo limekuja na umeme. Mtaani kwetu umeme unacheza, mnajua wenyewe. Kila taa ikififia ikarudi, huyo anakuja mbio chumbani kwangu, maana kwenye ile sizoni taa zikianza kuwaka na kuzima ujue lile dude lililomteka mtoto liko karibu. Wiki iliyopita umeme ulicheza mara sita usiku mmoja. Mara sita! Nimelala na mtoto, baba yake kaishia kwenye kochi.

Baba mtu anasema atazoea tu, yeye alikulia banda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, akiangalia watu wanakatwa vichwa na yuko salama. (Hapo kwenye "salama" nina maoni yangu.) Mimi nataka nipige marufuku. Dogo anataka sizoni ya pili. Hii kitu ni ya watoto au si ya watoto?

#2 Mzee_wa_Rimoti
Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 FundiKingamuzi
Mtoa mada, hizo episodi mbili uliangalia au ulikuwa unapita na deki? Yule mwenye mgahawa, Benny, anayempa binti wa kipara chakula, anapigwa risasi ya kichwa humo humo kwenye episodi ya kwanza. Na wale jamaa wanaomkimbiza binti mle ndani, wawili wanabaki chini. Ya pili kuna dada mtu kapandishwa chumbani na mvulana. Uchi hakuna, nakubali, ila darasa la nne wa siku hizi si wa kuambiwa "wanaongea tu mle".

#4 MamaNasri
Nilikuwa nakaanga samaki. Sasa nimeanza kuogopa zaidi ya mtoto.

#5 BintiNakuru
Sasa wadau. Kwangu Netflix imeandika 16+, kwa hivyo hata hakuna kesi. Miaka 9 na 16 ni watu wawili tofauti. Huku Kenya bodi ya filamu, KFCB, wana madaraja yao, GE ya watu wote, PG ya kuangalia na mzazi, 16 na 18, na runinga za kawaida haziruhusiwi kuonyesha ya wakubwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Shida ni kuwa intaneti haijui saa. Mtoi akiamka saa nane ya usiku dude liko pale pale linamngoja.

#6 DogoWaSinza
Marekani kwenyewe ni 14, sio 16. Halafu Millie Bobby Brown alikuwa na miaka 11 wakati wanapiga sizoni ya kwanza. Sasa mtoto wa 11 aigize halafu wa 11 mwenzake akatazwe kuangalia? Hata haingii akilini.

#7 FundiKingamuzi
@DogoWaSinza yule binti alikuwa anamwona jamaa anavaa lile dude asubuhi na kulivua jioni. Sizoni ya kwanza lilikuwa ni mtu kabisa, Mark Steger, amevalishwa vazi, baadhi ya sehemu ndiyo wakaweka la kompyuta. Mtoto wa MamaNasri hakuonyeshwa zipu.

#8 DogoWaSinza
Basi aonyeshwe zipu. Video za jinsi walivyotengeneza zimejaa YouTube. Kesi imekwisha, nadai soda.

#9 MwalimuWaZamu
Soda usipewe kwanza. Nimefundisha chekechea na madarasa ya chini miaka kumi na nane, hiyo dawa ya "angalia, ni mtu amevaa vazi" inawafaa wakubwa kidogo. Mtoto wa miaka minne unamwonyesha zipu, anakuitikia "ndiyo mwalimu, ni mtu", na usiku anakojoa kitandani vilevile.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Joanne Cantor, alifuatilia sana mambo haya. Kisa chake maarufu ni cha The Incredible Hulk, ile tamthilia ya Marekani ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70, yule mtu akikasirika anageuka jitu la kijani. Hulk ni mtu mwema, anaokoa watu. Lakini wazazi walikuwa wanasema watoto wao wadogo wanamwogopa sana, kwa sababu mtoto mdogo anahukumu kwa sura. Jambazi kavaa shati, hana shida naye. Wakishakua kidogo inageuka, wanaanza kuogopa jambo linaloweza kutokea kweli.

Miaka 9 iko katikati ya mto. Kwa hiyo swali langu kwa mama: anaogopa sura ya dude, au anaogopa kitu kingine ndani ya hadithi?

#10 ShangaziMkali
Mwalimu umesema vizuri lakini umeenda mbali mpaka Wisconsin. Kitu kilichomharibu mtoto ni kuangalia episodi nane mfululizo usiku wa manane na watoto wa sekondari. Mtoto yeyote asipolala siku tatu ataona mazimwi hata kwenye mchezo wa Yanga. Mpumzishe, mwogeshe, alale saa mbili. Wiki mbili tu mtakuja kunishukuru.

#11 Mtani_wa_Kilosa
Shangazi mazimwi kwenye mchezo wa Yanga hata mimi nayaona na nimelala vizuri.

#12 ShangaziMkali
Toka hapa.

#13 MpembaAsili
Asalaam aleikum. Mimi naona mnawalea watoto kama mayai. Sisi Pemba 1995 tulikuwa na Popobawa, jini lililosemekana kuvamia watu usiku majumbani, na huyo hakuwa kwenye runinga. Nilikuwa na umri kama wa huyu kijana. Mtaa mzima ulitoka nje na majamvi, wazee, watoto, bibi harusi wa juzi, wote tumelala uwanjani tumepangwa kama dagaa. Niliogopa, ndiyo. Lakini nikikumbuka leo naona ndiyo siku nilizolala kwa raha kuliko zote, kulia baba, kushoto babu, mbele moto.

Na kabla ya hapo bibi alikuwa anatutolea hadithi za zimwi linalomeza kijiji kizima. Linapasuliwa kidole cha mwisho, watu wote wanatoka. Hakuna aliyeuliza kama hadithi ni 16+. Ila bibi alikuwepo! Akiona mdogo anatetemeka anafupisha, zimwi linakufa mapema. Hiyo Netflix haioni mtoto anatetemeka.

#14 GlasgowBaridi
Mpemba umenikumbusha huku niliko. Waingereza wana tamthilia ya Doctor Who, imeanza BBC tarehe 23 Novemba 1963, na kuna msemo wao kwamba watoto waliiangalia wamejificha nyuma ya sofa. Ilianzishwa kama kipindi cha familia, kiwafundishe watoto historia na sayansi, na mkubwa aliyebuni, Sydney Newman, alisema hataki madude yenye macho ya kutokeza. Mwezi haujaisha vizuri wakaletewa wale Dalek, vile vidude vya chuma vyenye jicho moja la kutokeza! Watoto wakawapenda balaa.

Na kesi kama ya MamaNasri walishakuwa nayo. Mwaka 1976 kuna mama mmoja mwanaharakati, Mary Whitehouse, alikuja juu kwa sababu episodi moja iliishia kwenye picha ya Doctor, yule mhusika mkuu, kakandamizwa kichwa ndani ya maji. Hoja yake haikuwa damu. Alisema mtoto anakaa wiki nzima na picha ya mtu anayezama, mpaka Jumamosi nyingine ndipo ajue alipona. BBC wakaja kuikata ile picha kwenye marudio.

#15 Mzee_wa_Rimoti
Hiyo hoja ya wiki nzima nimeipenda. Sasa hawa wa siku hizi hawasubiri hata dakika, episodi nyingine inajianza yenyewe. Je, ni nafuu au ndiyo mbaya zaidi?

#16 BintiNakuru
Nafuu! Mtoi anajua amepona, analala.

#17 ShangaziMkali
Mbaya. Anajua amepona saa kumi ya usiku.

#18 Mtani_wa_Kilosa
@GlasgowBaridi huyo Doctor wa sasa si ndiye yule Mganda?

#19 GlasgowBaridi
Mnyarwanda, mkuu. Ncuti Gatwa, kazaliwa Kigali 1992, familia yake ikakimbilia huku Uskoti wakati wa mauaji ya kimbari. Na "wa sasa" si sahihi tena, aliachia nafasi 2025. Siku alipotangazwa sisi Waafrika wa huku tulipigiana simu kama tumeshinda bahati nasibu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukiangalia hicho kipindi.

#20 MtumishiJoseph
Bwana asifiwe. Ndugu zangu mnazunguka mbuyu. Wale watoto wanaanza kwa kucheza mchezo wa mazimwi na mashetani mezani, mara mlango wa ulimwengu wa giza unafunguka. Mtoto akikimbia usiku mnatafuta Wisconsin. Mwombeeni, na hiyo kitu itoke ndani ya nyumba.

#21 FundiKingamuzi
Mtumishi, mchezo ni Dungeons & Dragons, na mlango hauufungui mchezo. Unafunguka kwenye maabara ya serikali kwa majaribio waliyomfanyia yule binti. Mchezo wao wanautumia kuyapa madude majina tu. Na huo wasiwasi wako hata waandishi wanaujua: Marekani ya miaka ya 80 kulikuwa na hofu kubwa kwamba huo mchezo unaingiza vijana kwenye ushetani, na sizoni ya nne inamhusu kijana anayesingiziwa mauaji kwa sababu hiyo hiyo.

#22 MtumishiJoseph
Ndugu Fundi, kwa mtu anayetengeneza ving'amuzi umeangalia sana.

#23 FundiKingamuzi
Wateja wanachelewa kulipa, nakaa na runinga zao.

#24 ShangaziMkali
Mimi ndiye mwenye ile runinga ya inchi 32. Nitakuja kesho.

#25 BintiNakuru
Nimecheka mpaka nimeamsha mtu. Tukirudi kwa mada, kaka yangu ananiuliza: kama si ya watoto, mbona wametoa mpaka Lego yake?

#26 DogoWaSinza
Hiyo Lego ya 2019 boksi lake lenyewe limeandikwa 16+. Mimi ndiye natetea watoto waangalie lakini hapo siwezi kukusaidia.

Ila niseme ukweli mmoja. Mimi nilianza nikiwa darasa la sita. Dude halikunisumbua hata siku moja, lina kichwa kama ua. Kilichonikaa ni mwisho wa episodi ya tatu, wanapouvuta mwili wa Will, yule mtoto aliyepotea, kutoka kwenye maji ya machimbo. Baadaye unajua ni mwili wa bandia. Lakini kwanza unaona polisi, unaona rafiki yake Mike anarudi nyumbani kwa baiskeli na kumkumbatia mama yake. Siku hiyo nilienda kukaa jikoni na mama bila sababu, akanipa vitunguu nimenye.

#27 MwalimuWaZamu
Asante kijana. Hiyo ndiyo niliyokuwa naiulizia. Mazishi ya mtoto wa rika lako hayaandikwi popote kwenye ile alama ya umri. Ile alama inaangalia damu, matusi, uchi, sigara.

#28 Mzee_wa_Rimoti
Sigara nayo wamo. 2019 walisemwa sana kwa sababu ya kuvuta, Netflix wakaahidi kupunguza kwenye vipindi vya vijana. Nakumbuka kwa sababu ndiyo mwaka nilioacha mimi.

#29 BintiNakuru
Hongera mzee.

#30 Mzee_wa_Rimoti
Nilirudia 2020.

#31 FundiKingamuzi
Nirudi kwa mtoa mada, kuna kitu kimenikaa tangu #1. Umesema taa zikiwaka na kuzima maana yake dude liko karibu. Si hivyo tu. Yule mtoto aliyepotea anatumia taa kuongea na mama yake. Mama anatundika taa za Krismasi ukutani, anaandika herufi chini yake, mtoto anawasha herufi moja moja kutoka huko alikofungiwa. Episodi ya tatu hiyo, wewe uliishia ya pili na samaki wako. Mji mzima unamwona mama amerukwa na akili. Kwa hiyo kwa mtoto wako taa inayocheza inaweza kuwa dude, inaweza kuwa Will. Umeshamuuliza ni ipi?

#32 MamaNasri
Sijamuuliza. Nimekuwa nikimwambia "hakuna dude, lala". Ngoja arudi shule.

#33 Mtani_wa_Kilosa
Wakati tunasubiri, mimi nina nadharia yangu. Dogo haogopi chochote. Dogo amegundua kwamba umeme ukicheza yeye analala kwenye kitanda kikubwa na baba analala kwenye kochi. Huyo atakuwa mbunge.

#34 MpembaAsili
Hii nadharia ina uzito.

#35 KochiLaSebuleni
Habari. Mimi ni baba mtu. Nimeonyeshwa huu uzi na mtu wa kazini. Naunga mkono #33 kwa mikono miwili na mgongo unaouma. Halafu banda umiza sikuwa naangalia vichwa vinakatwa, ilikuwa karate. Mama Nasri rekebisha.

#36 ShangaziMkali
Karibu baba Nasri. Umekuja na ushahidi au umekuja na mgongo tu?

#37 KochiLaSebuleni
Ushahidi: juzi umeme ulikatika moja kwa moja, giza totoro mpaka asubuhi. Dogo hakuja. Alilala. Sasa mtoto anayeogopa dude anaogopa taa ikicheza lakini giza kamili haliogopi?

#38 MwalimuWaZamu
Huo si ushahidi wa ujanja, baba. Kwenye hadithi hatari haiji na giza, inakuja na taa kucheza. Anafuata kanuni za hadithi barabara.

#39 GlasgowBaridi
Au alikuwa amechoka tu siku hiyo. Watoto wangu nikiwatafutia sababu kila usiku nitaandika kitabu.

#40 MamaNasri
Nimemuuliza. Nilisubiri tukiwa tunachambua mchele, maana ukimkalisha kitako anakuwa bubu.

Nikamwambia, taa zikicheza unaona nini? Akasema haoni kitu. Nikasema sasa mbona unakuja mbio? Akakaa kimya, akatoa kijiwe, akakitupa. Halafu akasema: "Mama, kule kwa Will umeme wao ni mzima. Taa ikicheza mama yake anajua ni yeye. Mimi nikipotea, hapa kwetu utajuaje kama ni mimi au ni umeme tu?"

Sijui niseme nini. Nimemaliza mchele wote kimya.

#41 Mzee_wa_Rimoti
Dah.

#42 FundiKingamuzi
Nimesoma mara tatu.

#43 BintiNakuru
Kwa hivyo akikimbia anakuja kukuonyesha yupo. Wuueh. Mimi naenda kukumbatia mtu.

#44 Mtani_wa_Kilosa
Naondoa nadharia yangu. Ubunge ubaki.

#45 KochiLaSebuleni
Msiondoe haraka. Huyo mtoto namjua, akibanwa anatunga. Mwaka jana alivunja kikombe akasema kikombe kilikuwa na huzuni.

#46 MwalimuWaZamu
Baba ana hoja ndogo. Mtoto ukimuuliza sababu wiki kadhaa baada ya jambo, anaweza kukupa ambayo ameipata hapo hapo kwenye mchele. Haina maana anadanganya. Inawezekana usiku wa kwanza aliogopa sura, wa tatu akaogopa kupotea, na wa sita ameshazoea tu kulala kwako. Vyote vitatu kwa mtoto mmoja.

#47 ShangaziMkali
Na usingizi wa saa kumi je? Mbona mnauruka?

#48 MtumishiJoseph
Na maombi?

#49 DogoWaSinza
Kwa hiyo sizoni ya pili anaangalia au haangalii? Maana ya pili Will kapatikana lakini lile dude kubwa linamwingia mwilini. Hiyo kwa huyu mtoto mimi mwenyewe nasita. Na ya nne msiguse kabisa. Inaanza na maabara ya 1979, watoto wamelala wamekufa kwenye korido. Ilitoka 2022 siku chache baada ya lile shambulio la shule ya Uvalde huko Texas, Netflix wakaweka onyo mwanzoni. Halafu yule Vecna, adui wa sizoni hiyo, anachagua vijana wenye huzuni, anawavunja mikono na miguu wakiwa hewani. Mimi na ukubwa wangu nilisogeza mbele.

#50 Mzee_wa_Rimoti
Ukubwa wako wa miaka mingapi?

#51 DogoWaSinza
Kumi na tisa, mzee, acha hizo.

#52 FundiKingamuzi
Kwa vitendo, mama: fungua akaunti kwenye kivinjari, ingia kwenye profaili ya mtoto, weka kiwango cha umri. Unaweza pia kuzuia jina la kipindi kimoja tu, andika Stranger Things hakitaonekana kwake. Halafu profaili yako wewe na ya baba zifunge kwa namba ya siri ya tarakimu nne, la sivyo umefunga mlango ukaacha dirisha.

#53 BintiNakuru
Na akienda tena Tabata?

#54 FundiKingamuzi
Hapo teknolojia imeishia. Binamu ana flashi.

#55 MpembaAsili
Mimi ningekaa naye nikaanza upya, episodi ya kwanza, yeye anisimulie mimi. Awe bibi, mimi niwe mtoto.

#56 MwalimuWaZamu
Kwa wa 9 sikatai. Kwa mdogo wake, kama yupo, la.

#57 MamaNasri
Mdogo wake ana miaka 4 na ameshaanza kumwita paka Demogorgon, jina la lile dude.

#58 KochiLaSebuleni
Hilo nalo nimelipata hapa hapa.

#59 MamaNasri
Mrejesho. Jana tumefuata ya Mpemba. Mdogo kalazwa, sisi watatu sebuleni, sauti chini. Nasri ananisimulia kabla ya kila kitu: "Sasa mama huyu atapigwa, funga macho." Nikafunga kweli. Tumefika pale Will anakimbia nyumbani, anafunga mlango, kitasa kinaanza kujifungua chenyewe. Umeme ukacheza.

Baba yake ndiye aliyepiga kelele.

#60 KochiLaSebuleni
Nilikanyaga kiberiti cha mtoto.

#61 Mtani_wa_Kilosa
Karate hiyo.

#62 ShangaziMkali
Fundi nimefika dukani, pamefungwa. Inchi 32 yangu iko wapi?

#63 FundiKingamuzi
Shangazi nipe mpaka Jumatatu, nimebakiza episodi mbili.